Nilivyohesabu wadudu ili kuokoa matikiti yangu

Msimu wangu wa kwanza wa matikiti nililima eka moja na nusu kando ya ziwa, upande wa Magu, kwa pampu ya petroli na mbegu iliyonitoa jasho dukani. Maua yalitoka mengi hadi wapita njia wakawa wananipa hongera. Kisha vitikiti vya ukubwa wa yai la kware vikaanza kugeuka njano na kudondoka. Vilivyobaki vingi vilipinda, upande mmoja mnene, mwingine umenywea.

Muuza pembejeo akaniuzia busta ya maua. Haikusaidia. Akaniuzia yenye boroni. Vitikiti vikaendelea kudondoka na mimi nikaendelea kulipa.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa jirani anayelima maboga kwa ajili ya mboga na mbegu tu. Alipita asubuhi, akachutama kwenye tuta, akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mayu, nyuki wako wako wapi?" Nikasema sijui, wapo tu. Akasema, "Nimekaa hapa tangu unawasha hiyo mashine. Sijamwona hata mmoja."

Ikabidi nilisome ua la tikiti, kitu nilichopaswa kufanya kabla ya kununua pampu. Mmea mmoja una maua ya kiume na ya kike. La kike unalijua kwa kitikiti kidogo kilicho chini yake. Linafunguka asubuhi, mchana limeshafunga, na halifunguki tena. Chavua, ule unga wa ua la kiume, inanata, upepo hauibebi. Inabebwa na mdudu, na mdudu akipita mara moja haitoshi, inatakiwa wapite mara kadhaa ili chavua ienee kote. Upande usiopata chavua ya kutosha haujazi mbegu, na usipojaza mbegu haunenepi. Hapo ndipo yanapotoka matikiti yaliyopinda.

Nikafanya jaribio. Saa 1 asubuhi nilichuma maua ya kiume, nikayavua petali, nikayasugua kwenye maua 30 ya kike na kufunga kila moja uzi mwekundu. Wiki ilipoisha, yenye uzi mengi yalikuwa yameshika na yanavimba vizuri, huku majirani zake kwenye mmea uleule yamedondoka. Boroni haikuwa na kosa wala mbegu haikuwa na kosa. Nilikosa wachavushaji.

Kuchavusha kwa mkono eka moja na nusu ni kazi ya kuvunja kiuno, nawaambia kabla hamjajaribu. Nilifanya siku nne nikaacha. Swali lililobaki likawa hili: mbona kwa mjomba, mwendo wa dakika ishirini tu kwa miguu, ukisimama kwenye majani unasikia mvumo, na kwangu kimya?

Nikaamua kuhesabu. Nilitafuta vikombe vya plastiki ishirini vya kufukia ardhini, mdomo ukiwa sawa na udongo, ndani maji na sabuni kidogo ili mdudu akiingia azame. Hivyo ni vya watambaao: sisimizi, mbawakawa, nyenje. Kwa warukao nilinunua mabakuli sita ya njano sokoni, maana rangi hiyo huwavuta wadudu wengi wanaotembelea maua. Nikavigawa sehemu tano: shambani kwangu, kwenye nyanya za jirani (aliniruhusu huku akicheka), ngitili ya mjomba (malisho yanayofungwa ili nyasi zikue), shamba la milingoti la kaka yangu, na kichaka kilichobaki kwenye mawe juu ya kilima ambako watu huenda kuokota kuni.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Kuku walikunywa maji ya mabakuli mawili, la tatu likabebwa na watoto. Kibaya zaidi, vikombe vya kwanza nilivifukia jioni, peke yangu, nikiwa nimeinama kwenye pembe za mashamba ya watu. Usukumani hapo unadhaniwa mchawi, halihitaji maelezo. Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji alituma niitwe, na nilipofika nilikuta wazee wamekaa na vikombe vyangu vitatu vimepangwa mbele yao. Nilieleza. Mzee mmoja akauliza kwa nini mtu mwenye akili timamu azamishe sisimizi kwa sabuni. Sikuwa na jibu zuri, ila niliwaomba waje waone. Kuanzia siku hiyo nilitega saa 4 asubuhi, mbele ya watu, nikiwa na watoto sita wa kunisaidia kubeba, na hakuna kikombe kilichong'olewa tena.

Majina ya kitaalamu sina, kwa hiyo niligawa kwa umbo. Kila mdudu wa sura mpya nilimpa namba na kumweka kwenye kichupa chenye spiriti. Niseme ukweli, pengine dume na jike wa aina moja niliwapa namba mbili. Lakini nilikosea kwa namna ileile kila sehemu, kwa hiyo kulinganisha bado kulikuwa na maana.

Kisha mwezi ukafa na wale mainzi wadogo wa ziwa wakapanda. Mnaokaa Mwanza mnawajua: wanatoka majini kama moshi, asubuhi unawazoa barazani kwa ufagio. Mabakuli yangu ya shambani yakajaa hadi yakawa uji. Ningepima kwa uzito ningetangaza kwamba shamba langu ndilo lenye wadudu wengi kuliko wilaya nzima. Nilipokaa kuchambua, nikakuta uji wote ule ni sura mbili au tatu tu. Wingi na aina ni vitu viwili, na nilihitaji uji ule ili nielewe.

Ukiwatoa hao wa ziwa, picha ilikuwa hivi. Nyanya za jirani zilikuwa na sura 9 kwa wiki tatu. Kwangu 14. Ngitili ilifika 47 na ilikuwa bado inaongezeka nilipochoka. Kichaka cha mawe kilikaribiana nayo, lakini kwa watu tofauti kabisa: mbawakawa wa kwenye magogo yanayooza, nyuki wadogo wasiouma wanaoishi kwenye matundu ya miti, na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Milingoti ilinichanganya. Chini ya miti hapakuwa na kitu, majani makavu na sisimizi wa aina moja, lakini juu maua yalipochanua nyuki wa asali walijaa. Kaka yangu anatumia hilo kunishinda kila tukibishana.

Ukichunguza sababu unaziona kwa macho. Ngitili ipo kwenye luseni, udongo wa kichanga, na kati ya mashina ya nyasi kuna vitundu vingi vya nyuki wapweke wanaochimba viota ardhini. Jembe likipita kila msimu, viota vinafukuliwa. Nyasi zake ni za aina nyingi na katikati kuna maua ya porini, kwa hiyo kila mla jani anapata lake na kila mla mdudu anapata wake. Kwenye malisho ya wazi ya karibu na lambo, ng'ombe wamekwangua hadi chini, nilipita tu sikutega. Kulikuwa na mbawakawa wanaoviringisha mavi na inzi, basi.

Inashangaza kidogo kwamba nchi yetu hii ilifyekwa kwa sababu ya mdudu. Miaka ya 1920 na 1930 wakoloni waliwatoa watu kwa maelfu kukata vichaka Shinyanga ili mbung'o wakose kivuli. Mbung'o walipungua, pamba na ng'ombe wakachukua nafasi, na miongo michache baadaye Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ndio uliorudisha ngitili kwa nguvu, na ulirudisha jambo ambalo wazee walikuwa nalo zamani: unafunga kipande mvua zikianza, unakifungua kiangazi kikikaza, kwa ndama na maksai.

Nilipoishiwa maelezo nilitafuta waliohesabu kwa utaratibu kuliko mimi. Kuna kazi ya Ujerumani iliyochapishwa mwaka 2019, imenikaa kichwani. Walifuatilia nyanda za nyasi 150 na vipande vya msitu 140 kuanzia 2008 hadi 2017, zaidi ya wadudu milioni moja, aina kama 2,700, wakiwemo na buibui. Kwenye nyasi, uzito wa wadudu ulishuka kwa asilimia 67, idadi yao kwa 78 na aina kwa 34. Msituni idadi ya vichwa haikushuka, ila uzito ulishuka kwa 41 na aina kwa 36. Nikakumbuka uji wangu wa ziwa. Lakini kilichonigusa ni kingine: kwenye nyasi, kasi ya kushuka haikutegemea sana mwenye kipande anakitumiaje. Vipande vilivyozungukwa na mashamba mengi ndivyo vilivyoporomoka zaidi.

Nikatoka nje nikaangalia shamba langu limezungukwa na nini. Kaskazini nyanya, zinapigwa dawa mara mbili kwa wiki. Mashariki milingoti. Kusini pamba iliyokwisha kung'olewa na masalia yake kuchomwa, kama inavyotakiwa ili funza wa pamba wasivuke msimu. Magharibi ziwa. Na pale kwenye ukingo wa ziwa, ambapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ukingo ndani ya mita 60, mimi mwenyewe nilikuwa nimelima hadi kwenye matete. Ningeweza kuwalaumu wote hao wengine, lakini huo ukingo nilikuwa nimeula mimi.

Nikarudi nyuma. Iliniuma, maana ule ndio udongo wenye unyevu. Kwa mjomba niliomba kona moja ya ngitili isifunguliwe kiangazi, robo eka hivi, ile iliyo karibu nami. Alikubali kwa sharti la debe mbili za pumba kwa ndama wake.

Jirani wa nyanya alikuwa mgumu, na nilichelewa kujua kwa nini. Nilimwomba apulize jioni badala ya asubuhi, maua yangu yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi. Akawa anaitikia, "Sawa, mayu," halafu asubuhi nasikia bomba. Kumbe kijana anayempulizia ni kibarua, analipwa kwa siku na anaondoka saa 6 mchana. Kumrudisha jioni ni hela nyingine. Tukamalizana hivi: kila Jumatano na Jumamosi saa 12 jioni, upepo wa ziwa ukishatulia, kijana anakuja, na mimi namwongezea shilingi 3,000.

Msimu uliofuata nilikaa kwenye kigoda saa 1 hadi saa 3 asubuhi na kutazama maua kumi kumi kwa dakika kumi. Mistari ya upande wa matete ilipata wageni mara nyingi kuliko ya upande wa nyanya, na wengi hawakuwa nyuki wa asali bali wale wadogo wa ardhini. Nilivuna matikiti mazuri upande huo. Katikati ya shamba bado yalipinda, ingawa machache. Upande wa nyanya nimeacha kulima matikiti, nimeweka mahindi.

Kaka yangu ameongeza milingoti eka nzima. Jirani naye juzi amekodisha shamba lake kwa mtu wa mjini ambaye sijamwona uso, ila nimeshasikia bomba lake saa 2 asubuhi.