Hata Daniel Boone alipokonywa mashamba

Wiki iliyopita mtoto wa bibi ninayemtunza hapa Lexington, Kentucky, alinitia hasira mpaka usingizi ukanikimbia. Mtu mzima, mvi kichwa kizima. Kaja kula chakula cha Jumapili kwa mama yake, akanikuta mezani nachapa kitabu cha ukoo wao, maana bibi mikono inamtetemeka na kazi hiyo kanipa mimi. Akanitazama, akasema familia yao iko Kentucky tangu 1779, kabla halijawa jimbo, na waliijenga kwa mikono yao, hawakuja kukuta kila kitu tayari. Bibi akamkata jicho. Mimi nikanyamaza, kwa sababu nalipwa kwa saa na kodi ya nyumba mnaijua.

Ila kashanichokoza, na makaratasi yote ya ukoo ninayo mimi. Nimeyasoma.

Huo mwaka wa 1779 anaojivunia ndio mwaka Virginia, iliyokuwa inaimiliki Kentucky wakati huo, ilipopitisha sheria ya ardhi. Aliyethibitisha kuwa alihamia huku kabla ya 1778 alipewa eka 400, pamoja na haki ya kutangulia kununua eka 1,000 zinazopakana nazo. Wachagga wenzangu, eka 400! Na sisi tunapelekana mahakamani na baba wadogo kwa kihamba kile, kishamba cha urithi! Basi watu wakamiminika kupitia Cumberland Gap, upenyo wa milimani, kwenye njia ambayo Daniel Boone, mwindaji maarufu, na wakata miti wake kama 30 waliifyeka mwaka 1775. Walifuata ardhi ya bei poa, kama wewe ulivyojaza bahati nasibu ya viza ya Marekani. Sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kujifanya mlishuka na mvua.

Boone mwenyewe alikuwa akimfanyia kazi tajiri mmoja, Richard Henderson, ambaye Machi 1775 alinunua eneo kubwa kutoka kwa wazee wa Cherokee, kabila la wenyeji, pale Sycamore Shoals. Dragging Canoe, mtoto wa mmoja wa viongozi hao, alipinga mauzo. Washawnee, wenyeji wengine waliokuwa wakiwinda huku, hawakuulizwa. Baadaye Virginia nayo ikaubatilisha mkataba wa Henderson. Mnaona tunakoelekea? Waliowahi kununua kiwanja Mbagala wanaona.

Mipaka ilipimwa kwa mti wenye alama na kona ya kijito. Shamba moja likawa na hati tatu, nne. Boone, ambaye mwanawe James aliuawa 1773 njiani kuja huku na mwingine, Israel, akauawa kwenye vita vya Blue Licks mwaka 1782, alipoteza mashamba yake kwa kesi na madeni. Mwaka 1799 akafunga mizigo, akahamia Missouri, iliyokuwa chini ya Hispania. Mkimbizi wa viwanja, tena nchi ya kigeni! Thomas Lincoln, baba yake rais Abraham Lincoln, naye alichoshwa na hati zenye utata, akahamia Indiana mwaka 1816. Na babu wa kwanza wa huyu bwana wa Jumapili? Makaratasi yanasema alishtakiwa na watu wawili kwa shamba moja. Akashindwa, akaanza upya kwenye kilima kisichoota kitu. Hiyo hadithi hawaisemi mezani.

Hapa niwaambie mnaojiandaa kuja: tengenezeni makaratasi yenu mapema. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule na pasipoti visome jina moja, herufi kwa herufi. Nimeona watu wanateseka kwa sababu ya Mohamed na Muhammad. Na kabla hamjapanda ndege, kaeni na bibi zenu, andikeni majina ya ukoo. Huku mtu anaweza kukutajia babu wa saba; wewe ukiulizwa wa nne unababaika.

Sasa turudi kwenye "mikono yao". Sensa ya 1790 ilihesabu watu 73,677 Kentucky, na 12,430 kati yao walikuwa watumwa. Yaani karibu mmoja kwa kila sita. Baruti iliyoilinda ngome ya Boonesborough, sehemu yake alitengeneza Monk Estill, mtumwa, ambaye aliachwa huru baada ya mapigano ya 1782 yaliyomuua bwana wake. Na humu kwenye kitabu cha ukoo kuna wosia: vitanda, farasi, halafu majina matano ya watu, bila ukoo, kila mmoja na bei yake. Katika sensa za 1850 na 1860 watu kama hao hawakupewa hata jina, ni umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la mmiliki.

Nilimwonyesha bibi ukurasa ule. Nilidhani ataniambia niuruke. Akavaa miwani, akasoma polepole, akasema, "Hao nao waandike. Mbele, siyo nyuma ya kitabu." Nimewaandika ukurasa wa pili, chini ya yule babu wa kilimani.

Mwanawe kashauona. Hajasema neno, ila saa zangu za Jumamosi kazipunguza. Mwenye kujua familia hapa Lexington inayotafuta mlezi wa mwisho wa wiki, anitumie ujumbe. Kuinua mgonjwa najua, kupika najua, na kuchapa pia.