Mpini wa jembe la babu

Leo asubuhi nimeshuka na shangazi kwenye bonde letu la mpunga, hapa Pemba.

Babu alivuka bahari kutoka Unyamwezi, kama walivyovuka wengi wa bara, kuja kupalilia mikarafuu kwa ujira. Hakurudi tena, akaoa hapa, na baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilipogawa eka tatu tatu, naye akapata zake kando ya bonde hili.

Tulipopumzika chini ya mwembe, shangazi alinitolea jembe la babu. Chuma kimelika kikabaki upana wa kiganja, na kwenye mpini, pale alipozoea kushika, pana kishimo laini.

Niliweka kidole gumba.

Kiliingia sawasawa, nami machozi yakanilenga.

Ndugu zangu ambao wazee wenu nao walikuja, wakalima, wakabaki: mmehifadhi nini chao?