Saa ya mzee wa reli na wiki zetu tano Marekani

Mume wangu alifanya kazi reli miaka 34, fundi wa vichwa vya treni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewa zamu hata mara moja. Hilo nimeambiwa mara nyingi kuliko nilivyoambiwa kwamba napendwa. Kwa hiyo nikifika pale anapotuchelewesha jangwani, mtanisamehe mkiona nasimulia kwa raha.

Safari ilikuwa Septemba 2024. Binti yetu ni muuguzi Maryland, jirani na Washington, na kila mwaka alikuwa akituambia twende. Kiinua mgongo chetu, changu cha ualimu na cha mzee, kilikuwa kimeishia kwenye paa na kisima. Pesa ya kutembelea tuliidunduliza miaka minne: mayai ya kuku wangu, pamoja na ng'ombe wawili ambao bei yao halisi sijaijua mpaka leo. Mtoto alilipa nauli ya ndege. Ada ya viza ilikuwa dola 185 kwa kila mmoja, na ukinyimwa hairudi, kwa hiyo usiku wa kuamkia mahojiano sikulala. Kumbe yalichukua dakika chache. Mzee alipoulizwa anakwenda kufanya nini Marekani alijibu, "Kumwona binti yangu, halafu kupanda treni." Aliyeuliza akacheka, na mimi nikapumua.

Kwa wazee wenzangu mnaofikiria safari kama hii, niseme haya mawili matatu kabla sijanogewa. Kateni bima ya afya ya safari, hata mkijisikia vijana. Huko hospitali si mahali pa kwenda na sala tu. Dawa za presha nilizibeba kwenye pakiti zake, na barua ya daktari, ndani ya mkoba wa mkononi. Ombeni kiti cha magurudumu viwanja vya ndege wakati wa kukata tiketi. Ni huduma ya bure, na aibu yake huisha mkishapita foleni ya kwanza. Mzee alikikataa Dar. Tulipobadilisha ndege, magoti yalimshauri vingine.

Kanuni yetu ilikuwa moja: siku ya kutembea, siku ya kukaa. Binti alikuwa ametuandalia ratiba ya mtu wa miaka ishirini na tano, asubuhi makumbusho, mchana mnara, jioni chakula. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Siku za kukaa tulifua, tulipika ugali, tulimpigia jirani simu kuuliza habari za kuku.

Washington ilitufaa kwa sababu makumbusho makubwa ya Smithsonian hayana kiingilio. Ile ya historia ya Wamarekani weusi, iliyofunguliwa 2016, unaanzia chini kabisa ardhini, kwenye karne ya 15, halafu unapanda taratibu kuja kwenye siku za leo. Nilijiandaa kwa minyororo, hiyo nilishaifundisha. Sikujiandaa kwa jeneza la Emmett Till, yule mtoto aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Alikuwa na miaka 14. Huo ni umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wale wa kutumwa chaki wakapotelea uwanjani. Nilikaa kwenye benchi mpaka mzee akaja kunitafuta. Ghorofa za juu, za muziki na michezo, sikuzipanda.

New York nitaipita haraka, kama ilivyotupita yenyewe. Watu wanatembea kama wanaokimbia mvua. Jambo moja mlishike: pantoni ya kwenda Staten Island haina nauli, na inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru, mkiikalia upande wa kulia wakati wa kwenda. Ni Kigamboni tupu, ila hakuna muuza karanga. Tuliipanda kwenda na kurudi mara mbili, mzee akisikiliza injini. Tulipita pia nje ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu yeye husema ile ni nyumba aliyoiongoza Salim Ahmed Salim, na kweli alikuwa rais wa Baraza Kuu mwaka 1979.

Kisha tukaruka hadi Chicago. Mzee alizaliwa Ukerewe, hakubali ziwa la mtu kirahisi. Alisimama ufukweni mwa Ziwa Michigan akatazama mawimbi na maji yasiyo na ng'ambo, akasema hii ni bahari, wanatudanganya. Nikamwambia aonje. Akainama akishikilia goti, akachovya kidole, akalamba. "Baridi. Lakini ni ziwa." Halafu akataka kujua lipi kubwa. Hapo ualimu ulinisaidia: letu la Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, hili 58,000 hivi. Nilikusudia kuongeza kwamba hili lina kina cha mita 281 na letu halifiki hata theluthi ya hapo, ila alikuwa ameshaondoka kifua mbele, nikamwachia.

Treni sasa. Inaitwa Southwest Chief, inatoka Chicago alasiri na kwenda hadi Los Angeles. Sisi tulikuwa tunashukia Flagstaff, Arizona, usiku wa siku ya pili. Ukiwa na miaka 65 unapunguziwa asilimia kumi ya nauli, na hilo halina uraia. Tulichukua chumba kidogo kabisa cha watu wawili. Viti viwili vinatazamana dirishani. Usiku mhudumu anavivuta vikakutana vikawa kitanda, na kitanda cha pili kinashushwa kutoka darini, kina mikanda ya kukuzuia usidondoke. Mlango ukifungwa, mmoja akitaka kuvaa soksi mwingine lazima akae.

Nani alale juu? Nilisema mimi, mwepesi. Mzee akasema haiwezekani, mwanamume ndiye anayepanda. Alipanda. Ilimchukua muda ambao treni ilitumia kupita stesheni nzima. Nikasikia anapumua karibu na dari, halafu kimya, halafu: "Mwalimu." "Bee." "Kugeuka inakuwaje huku?" Saa sita ya usiku, tumeshaiacha Kansas City, akashuka, mguu wake mmoja ukitafuta sakafu na kupata bega langu. Akaenda behewa la kutazamia, lenye vioo mpaka kwenye paa, na hakurudi.

Asubuhi nilimkuta huko na mzee wa Kiamishi, wale Wakristo wasiomiliki magari wala kutumia umeme wa gridi, ndevu ndefu bila masharubu, mkewe pembeni na kikofia cheupe anafuma. Kiingereza cha mume wangu ni cha karakana: spana, boriti, breki. Kilitosha. Walikuwa wanaongea bei za ng'ombe. Nadhani ndipo nilipokaribia kujua bei ya wale wawili, ila nilipoketi akanyamaza.

Hukumu yake juu ya treni ya Marekani ilikuwa kali. Wiki chache tu kabla, tulikuwa tumetoka Dodoma hadi Dar kwa SGR, treni ya umeme, kilomita 160 kwa saa, nayo ilikuwa imezinduliwa rasmi Agosti mosi. Hii ilikuwa ya dizeli. "Nchi kubwa hivi, inavuta moshi!" Albuquerque inaposimama muda mrefu alishuka, akachuchumaa ukingoni kutazama reli mpaka mhudumu akamwita arudi nyuma. Akaniambia ni milimita 1,435 kama SGR yetu, si mita moja kama ile aliyozeekea. Hata hivyo sijamwona ametulia hivyo tangu astaafu. Palikuwa na mama anauza mikufu ya mawe ya buluu juu ya kitambaa, nasi wote wawili tukasema kwa pamoja: "Saranda." Pale stesheni yetu ya Saranda ni kuku, lakini mkao wa muuzaji ni ule ule.

Binti alitupokea Flagstaff na gari la kukodi. Alikuwa amepata siku nne za likizo. Getini Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, mzee alitoa kitambulisho cha ustaafu, kwa sababu alisikia wazee wana kadi yao ya hifadhi. Wanayo, ila ni ya raia na wakazi wa kudumu. Tukalipa dola 35 za gari kama watu wengine.

Nilifundisha mmomonyoko wa mito miaka 29. Nilichora ile herufi V ubaoni mpaka mkono ukaizoea. Nilipofika ukingoni, pale wanapopaita Mather Point, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama pembeni, kwenye kichaka, kwa sababu macho yalikataa. Hakuna V. Kuna milima mizima imesimama ndani ya shimo, imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyekundu, kijivu, maziwa, na kivuli cha wingu kinapita juu yake kama mtu anafuta ubao. Kina ni zaidi ya kilomita moja na nusu, upana mahali pengine unafika kilomita 29. Mzee akauliza nani alichimba. Nikasema mto. "Uko wapi?" Sikuwa na cha kumwonyesha. Mto Colorado tuliuona vizuri kesho yake, tukiwa Desert View upande wa mashariki, mwembamba kama uzi uliochomoka kwenye shati.

Ukingo wa kusini uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Mwanza, na kifua changu kilijua. Kushuka hatukushuka. Mbao zinaonya watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja, nasi ni watu wa kutii mbao. Badala yake tulikuta kitu ambacho ningewapeleka wanafunzi wangu wote: njia tambarare ya lami juu ya ukingo, inaitwa Njia ya Wakati. Kila mita ni miaka milioni moja, imepigiliwa alama ya shaba chini. Unaanzia leo, pale jumba la jiolojia, na unarudi nyuma kwa miguu. Kando wameweka mawe yaliyotolewa humo korongoni, kila jiwe kwenye umri wake, na unaruhusiwa kuyagusa.

Tulitembea kwa mwendo wa magoti. Mto ulianza kuchimba mita tano au sita za mwanzo. Nikamwambia mzee, hapo tu, hatua zako nane, shimo lote limechimbwa. Akarudi nyuma akazihesabu tena. Jiwe la juu ya korongo liko mita 270. Katikati kuna mabenchi, nayo tuliyatendea haki. Jiwe kongwe kuliko yote tulilifikia mwishoni, mita 1,840, jeusi lenye mistari. Niliweka kiganja. Lilikuwa na joto la jua kama mgongo wa mnyama.

"Na mawe ya Mwanza?" mzee akauliza. Yale yaliyobebana kwetu Isamilo, tunayoanikia nguo. Nikamwambia yale yamepita miaka milioni 2,500; tungetakiwa kuendelea kutembea zaidi ya nusu kilomita. Aliitazama njia pale mawe yalipoishia, akasema, "Basi ya kwetu hawakuyapatia nafasi."

Sasa ile saa. Mzee ana saa ya mishale, na alikataa kuibadilisha tangu tuondoke. Alitaka kujua kuku wamelishwa. Kila mji alipiga hesabu: Maryland toa saba, Chicago toa nane, Arizona toa kumi. Na kwa kweli alipatia kila mahali, binti akawa anamwuliza yeye badala ya simu. Baada ya korongo tukaingia nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, kwenda Monument Valley, bonde la minara ya mawe, ambako tulikuwa na nafasi kwenye gari la mwongoza wageni saa mbili asubuhi. Kiingilio cha pale ni cha Wanavajo wenyewe, kadi za hifadhi za serikali hazifanyi kazi. Asubuhi saa ya mzee ikaonyesha kumi na moja jioni ya Mwanza. Toa kumi, saa moja. Tukanywa chai. Nikaomba yai jingine. Simu ya binti nayo ilisema saa moja.

Tulifika, kwa hesabu yetu, mapema dakika tano. Dada wa mezani akaonyesha ukutani: saa tatu kasoro dakika tano. Gari limeondoka zamani.

Kumbe Arizona hawasogezi saa mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi kama majimbo mengine, lakini Wanavajo wanasogeza, maana nchi yao imeenea New Mexico na Utah pia. Ungetakiwa kutoa tisa. Simu ya binti usiku ilinasa mnara wa upande mwingine. Mzee hakusema neno. Aliitazama ile saa ya ukutani kama anatafuta bolti iliyolegea.

Walitupa nafasi ya safari ya saa nne, nyuma ya gari la wazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mwongozaji alikuwa mzee wa umri wetu. Alitufundisha salamu yao, yá'át'ééh, nasi tukampa shikamoo, akatufanya tuirudie mara tatu. Alipojua mume wangu ni mtu wa reli alisimamisha gari. Baba yake alikuwa kwenye magenge ya kutengeneza njia ya reli, kama wanaume wengi wa Kinavajo wa zama zile. Wakaanza kuongea mataruma na mifupa ya mgongo inayouma, chini ya ile minara ya mawe, na mimi na binti tukabaki kupiga picha.

Baadaye yule mzee akaiona saa ya mkononi, akauliza kama ndiyo iliyotuchelewesha. Mume wangu akakubali, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwamba alichelewa.

"Kwenu sasa ni saa ngapi?"

Hapo hakuhitaji kutoa kitu. Akauinua mkono juani, akasoma. "Saa moja na nusu usiku. Kuku wameshalala."