Karakana za Bagamoyo, milango ikiwa wazi

Vibanda vya vinyago vya Bagamoyo havitofautiani sana na vya Mwenge. Twiga wale wale, Wamasai wembamba wale wale na mikuki yao, picha za machweo zenye jahazi katikati. Siku zote nilivipita nikidhani mji mzima una fundi mmoja tu, ila ana mikono mingi. Kwa hiyo niliposikia wasanii kadhaa wamekubaliana kuziacha karakana zao wazi Jumamosi nzima, mtu aingie atazame bila kubanwa anunue, nikadandia daladala Makumbusho mapema.

Ni kilomita 70 hivi, lakini zinazochosha ni zile za mwanzo. Tegeta foleni, Bunju foleni. Ukishaiacha Mapinga ndipo dereva anakumbuka kuwa gari lina gia nyingine. Kerege, Zinga, Kiromo, halafu minazi. Pale stendi kijana wa bodaboda akaniuliza, "Chuo au Mji Mkongwe, kaka?" Hapa ukisema Chuo hakuna anayeuliza kipi. Ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, siku hizi jina lake rasmi ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wengi niliokutana nao siku ile walikuwa wamepitia pale, kama si darasani basi kwa kukaa jirani na kuchungulia.

Nikaanzia Mji Mkongwe. Nyuma ya nyumba moja ya mawe ya matumbawe ambayo paa lake lilishaondoka, mzee wa Kimakonde alikuwa ameketi juu ya gunia, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo, tezo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ingia, ila angalia miguu, vibanzi vina makali."

Mpingo ukiwa bado na ganda lake huwezi kuamini ndio ule mweusi wa dukani. Chini ya ganda una rangi ya siagi, upana wa kidole hivi, kisha ghafla unaanza weusi, na mpaka wa rangi hizo mbili umenyooka kabisa. Mzee alikuwa ameuacha ule weupe kwa makusudi ukawa kilemba cha mwanamke aliyekuwa akimchonga. Magogo yake yanatoka Lindi, na bei hailingani tena na ya zamani: mti wenyewe huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kukatwa, na Ulaya wanaugombea kwa ajili ya klarineti, ala ya kupuliza. Ndiyo maana kuna wajanja wanaochonga mti wa kawaida wakaupaka kiwi nyeusi. Akanionyesha dawa yao. Alichukua kipande kidogo, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kikaenda chini moja kwa moja. "Cha kiwi kinaelea," akasema.

Rafuni walipangwa twiga, wamekwisha kupigwa msasa. Kwenye kona, chini ya gunia jingine, kulikuwa na shetani wa jicho moja, mguu wake unapanda hadi unageuka mkono, na mkono unashika sikio ambalo si lake. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizoziona siku ile, na ilikuwa imefunikwa. Nikauliza kwa nini haipelekwi kibandani. "Kule wanaulizia twiga. Twiga ndio wanaosomesha watoto. Huyu nachonga jioni." Nikaona sasa kwa nini vibanda vyote vinafanana: kinachofika barabarani ni kile ambacho mnunuzi alishakijua kabla hajashuka kwenye gari.

Kwa mchoraji nilikaa kidogo. Alianza na tingatinga kama wengi, akajifunza mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi, miaka minne tu kabla hajafariki. Ndege wa tingatinga bado anawauza. Siku hizi anachora pia mnada wa samaki wa pale ufukweni, kwa mkaa, kwenye mifuko ya saruji iliyofuliwa. Zile kubwa hazikunigusa, zina watu wengi mno. Ndogo moja ya mkono unaonyanyua changu kwa mkia ningeipachika ukutani kwangu leo hii. Mlango wa pili walikuwa akina dada wa batiki. Nta ilikuwa inachemka na moshi ukanifukuza, lakini niliwahi kuona kitambaa kikitolewa kwenye beseni la rangi kikiwa kijani na kugeuka buluu hewani, mbele ya macho yangu.

Nilikopotelea hasa ni kwa fundi wa ala za muziki. Bagamoyo ni pwani, ya Wakwere, Wadoe na Wazaramo, lakini mtaani kwake zinasikika sauti za Dodoma, kwa sababu marehemu Hukwe Zawose, Mgogo, alikuja kufundisha Chuoni, akalowea, na ukoo wake ukabaki na muziki wake. Fundi alikuwa anatengeneza ilimba, ala ya Kigogo yenye kisanduku cha mbao na ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole. Ulimi mmoja ulikuwa umepondwa kutoka kwenye msumari. Akaupiga kwa kidole, akasikiliza, akausogeza mbele kwa nyundo ndogo, tak, akaupiga tena. Ukirefuka sauti inashuka, ukifupika inapanda. Kwenye uso wa kisanduku kuna kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, ule mgumu wa kufunikia mayai, na huo ndio unaotoa ule mkwaruzo wa zzz chini ya noti. Mtalii mmoja, akasema, aliwahi kumwomba aondoe "kelele" hiyo. Alikataa kumuuzia. Na mimi nilipomwomba hiyo iliyokuwa mkononi mwake hakuniuzia, maana ndimi tano zilikuwa hazijakubali.

Nikamalizia Kaole, si kwenye magofu, bali uani kwa bibi mmoja msuka mikeka, ambaye nadhani hakuwahi kuambiwa kwamba yeye ni msanii na asingejali. Ukindu ulikuwa umechemshwa rangi, unaning'inia kwenye kamba: zambarau, nyekundu, kijani. Anasuka ukili mrefu kwanza, pima kwa pima, anauviringisha pembeni, kisha anaushona kwa kuuzungusha hadi unakuwa mkeka. Urembo wote unapangwa kwenye ukili, kabla mkeka haujaonekana. Nilimuuliza anajuaje kwamba mistari itakutana akishona. Nikamuuliza na majina ya urembo ule, na nani alimfundisha, na kwa nini zambarau ni nyingi. Alijibu yote bila kunyanyua macho. Kisha akayanyanyua.

"Sasa mwanangu, unachukua huu wa zambarau, au bado una maswali? Maana adhuhuri hii inaadhiniwa."

Nikachukua.