Nilivyoifufua Honda CG125 kwa vipuri vya bodaboda

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, na Honda CG125 ndiyo iliyompandisha na kumshusha kwenye mashamba ya kabichi na karoti miaka yote ya utumishi wake. Alipostaafu aliiegesha stoo, ikakaa humo mpaka tairi zikapasuka na tangi likageuka chungu cha kutu. Nilipomwomba anipe, hakutaka hela. Mimi ndiye niliyesisitiza tuandikiane mkataba wa mauziano, akanikabidhi na kadi halisi, nikalinganisha nambari ya fremu na ya injini kabla sijafungua hata nati moja. Pikipiki ya zamani isiyo na kadi ni chuma cha kupimwa kwa kilo, hata uipake rangi ya dhahabu.

Kilichonipa moyo wa kuanza na kikomo cha laki sita tu ni historia ya injini yenyewe. CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi mwenye pikipiki hubeba mizigo mizito na hukaa muda mrefu bila kumwaga oili, kwa hiyo wakatengeneza injini inayovumilia. Haina cheni ya taimingi. Kemu, mhimili unaofungua na kufunga valvu (milango ya hewa na moshi), iko chini, inazungushwa na gia moja kwa moja, na fimbo mbili ndefu ndizo zinazopeleka msukumo juu kwenye valvu. Baadaye viwanda vya China viliinakili, na nakala hizo ni nyingi kwenye vijiwe vyetu vya bodaboda. Silinda ya mjomba ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5. Nenda duka lolote la spea Msamvu, hapa Morogoro, ukaulize pistoni ya CG125, utaletewa yenye kipimo hichohicho. Mwenye pikipiki ya Ulaya ya miaka ile angeagiza kwa meli. Mimi nilikuwa napanda daladala.

Ila kufanana si kulingana. Kaliba, kile chombo cha kupimia vipenyo, ndiyo iliyonilindia hela, kwa sababu nilikuwa nayo mfukoni kila nilipokwenda kununua. Muuzaji akisema "hii inaingia", napima. Kipenyo cha pini ya pistoni, nafasi kati ya matundu ya bolti, upana wa ngoma ya breki, idadi ya meno ya ekseli ya kiki: vyote vinaweza kuachana kwa milimita moja au mbili, na milimita moja kwenye injini ni umbali mkubwa.

Vitu vingi nilivipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bodaboda zilizogongwa huishia kwao zikiwa zimekunjika fremu, lakini viungo vingine ni vizima kabisa. Nilizoeana na mzee mmoja mwenye mizani, nikamwachia orodha, na yeye akawa ananiwekea pembeni kabla gari la chuma halijaja. "Kijana wangu, leo nimekuwekea mikono miwili ya klachi na stendi," ananiambia, nami namlipa zaidi kidogo ya bei ya kilo. Kwake nilipata mshikio, sehemu za kukanyagia, shokapu za nyuma, kishikio cha taa, koili ya plagi na mfuko mzima wa bolti za milimita sita na nane. Kitu kimoja sikukigusa: injini au fremu iliyokwanguliwa nambari. Kuna mtu anailia pikipiki hiyo mahali fulani, na polisi wakiikuta kwako huna la kujitetea.

Injini ndiyo iliyokula muda na hela. Nilipotoa kava la kulia nilikuta kile kikombe kinachozunguka mwishoni mwa kranki (mhimili mkuu wa injini), chujio linalotupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko, kimejaa tope gumu jeusi. Mafundi wengi humwaga oili na kusafisha wavu wa chini, hiki hawakifungui. Nilikikwangua kwa kijiti cha mwanzi nikaosha kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Kisha nikashika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, nikaivuta juu na kuisukuma chini. Ikicheza upande kwa upande kidogo ni kawaida yake, lakini ikigonga juu na chini, beringi ya chini imekufa na kranki nzima inabidi ifunguliwe kwa mashine ya kukandamiza. Yangu ilikuwa kimya. Hapo nilijua kwamba bajeti yangu inawezekana.

Silinda ilikuwa imelika juu, pale ringi zinapogeukia. Ningeweza kununua bloku mpya ya kichina, na bei yake haitofautiani sana na kuchonga (kuitanua) ya zamani. Nilichagua kuchonga ile ya zamani, kwa sababu chuma chake nilikiona kizito na kizima, na ilikuwa imeshakaa na injini hiyo maisha yote. Kanuni ni kununua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mkerezaji vyote viwili. Nilichukua pistoni ya saizi ya 0.50, maana yake silinda inakwenda milimita 57.0, na yeye akachonga kufuata pistoni ile ile niliyomshikisha mkononi, akaacha nafasi ya oili na moto. Anayechonga kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi anabahatisha. Gasketi zote mpya, sili zote mpya, ringi mpya. Kwenye vitu hivyo sikutafuta cha mtumba, wala kwenye viatu vya breki, nyaya za breki, tairi na beringi za magurudumu. Unapanda na mtu nyuma, na barabara ya Mlali kwenda Mgeta ina kona ambazo hazikupi nafasi ya pili.

Valvu nilizisaga kwa dawa ya kusagia, nikajaza petroli kwenye matundu ya hedi (kichwa cha silinda) na kuisubiri ipenye. Haikupenya. Baada ya kufunga, nilizungusha magneti, gurudumu la sumaku linalozalisha umeme, mpaka alama ya T ikalingana na alama ya kwenye kava, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefunga, nikaweka nafasi ya milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Kazi hii inahitaji subira, na fila geji (vibapa vya kupimia nafasi nyembamba) ya elfu chache inatosha.

Upande wa umeme kila mtu alinishauri ning'oe mfumo wa volti 6 niweke wa volti 12 wa bodaboda. Nilikataa. Magneti ya zamani ilikuwa nzima, na injini hii inawaka hata betri ikitolewa. Nilisafisha pointi, swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche, nikaziweka kwenye uwazi wa milimita 0.35, nikahakikisha zinaanza kuachana alama ya F, ya kuwasha moto, inapofika. Betri ya volti 6 nilidhani itanisumbua, kumbe imo ndani ya zile taa kubwa za kuchaji zinazouzwa kila mahali. Taa ikivunjika kioo, betri yake hubaki nzima. Kabla ya kuifunga nilipima chaji kwa mita huku injini ikinguruma, nikaona haivuki volti 7.2. Nyaya nilizitoa kwenye pikipiki iliyogongwa nikazipanga upya kwa rangi, kila kiungo nikakichomea risasi badala ya kusokota.

Tangi nilitia siki na kokoto ndogo, nikalitikisa, nikaliacha lilale, nikarudia mpaka kutu ikaisha. Nikasuuza kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, nikakausha juani, na papo hapo nikamwagia petroli iliyochanganywa na oili, kwa sababu chuma kilichosafishwa hushika kutu tena siku hiyohiyo. Rangi nyekundu alipuliza fundi wa magari kwa masalia yaliyobaki kwenye kazi nyingine.

Ilipowaka, niliiendesha taratibu kilomita 500 za kwanza, bila kupita spidi 50 na bila kubeba mtu. Oili ya kwanza, lita moja, niliimwaga mapema kwa sababu pistoni mpya huacha unga wa chuma. Natumia oili ya pikipiki, kwa kuwa klachi yake inaogelea humohumo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Kisha nikapanda Mgeta. Mlima ule iliupanda kwa gia ya pili, haikuchemka, haikukohoa. Sokoni mama mmoja muuza karoti aliitambua kabla ya kunitambua mimi. "Hii si ya bwana shamba?" Nikamwambia ndiyo, shikamoo mama, mimi ni mpwa wake.

Kinachokosekana ni kava la cheni. CG hizi za mwanzo zilikuja na kava linalofunika cheni yote, ndiyo maana cheni zao zilidumu kwenye vumbi, na kwenye bodaboda chakavu sikupata linaloingia. Nusu ya chini ninayo. Nusu ya juu fundi bati wa Mji Mpya ameanza kunikunjia kwa kufuata mchoro niliouchukua kwenye alama za bolti, na kwa sasa cheni naipaka oili kila nikitoka safari ya vumbi.