Kukaa na 2,147,483,647

Leo nimeshinda na namba hii moja. Zidisha 2 kwa 2 mpaka kipeo cha 31, kisha utoe 1, unaipata. Ni namba tasa, na aliyethibitisha hivyo ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, wakati macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa.

Njia ya kawaida ni kuijaribu kwa 3, kwa 5, kwa 7, na kuendelea hivyo mpaka kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341. Humo njiani kuna namba tasa maelfu. Euler alianza kwingine kabisa: kama kigawo kipo, lazima kiwe cha umbo gani?

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu. Tuseme kigawo tasa kipo, tukiite p. Maana yake 2³¹ ukiigawa kwa p inabaki 1. Sasa, baki za vipeo vya 2 huenda kwa mzunguko: zikifika 1, zinaanza upya. Urefu wa mzunguko huo lazima uigawe 31, na 31 yenyewe ni tasa, kwa hiyo mzunguko una hatua 31 kamili. Mwanahisabati Fermat alishatuachia kanuni kwamba urefu huo lazima uigawe pia p − 1. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 inagawanyika pia kwa 2, kwa hiyo 62 nayo inaigawa p − 1. Basi p ni 62k + 1, hakuna umbo jingine. Jaribu kwa ndugu yake mdogo uone: 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Zote mbili ukizitoa 1 zinagawanyika kwa 22!

Halafu kuna hatua ninayoipenda kuliko zote. Kama 2³¹ inabaki 1, basi 2³² inabaki 2. Kwa hesabu ya baki, 2 imekuwa kipeo cha pili cha 2¹⁶. Hilo huwezekana tu pale p ikigawanywa kwa 8 inapobaki 1 au 7. Ukiunganisha masharti yote, p ni 248k + 1 au 248k + 63. Namba tasa za namna hiyo chini ya 46,341 hazifiki hata mia. Hakuna hata moja inayoigawa.

Mwaka 1811 mwanahisabati Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu inayotokana na hii, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kwamba huenda haitapatikana kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa namba hizo ni za udadisi tu, hazina faida. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha namba tasa ya umbo hilohilo, 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39. Na faida imepatikana: kompyuta zimeitumia sana 2,147,483,647 kuzalisha namba za nasibu, zinazoonekana kama hazina mpangilio. Unazidisha kwa 16,807, unachukua baki ya kugawa kwa 2,147,483,647, unarudia. Mzunguko wa 2 humo ndani ni hatua 31 tu, lakini wa 16,807 unapita baki zote 2,147,483,646 kabla ya kurudi kwenye 1.

Kulihakiki hilo hakudai kuuzunguka wote. 2,147,483,646 ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, na mzunguko ukiwa mfupi zaidi, urefu wake utaigawa 2,147,483,646 iliyogawanywa kwa mojawapo ya namba tasa hizo; kwa hiyo vipimo saba vinatosha, kimoja kwa kila namba tasa humo. Nimeanza na 331: je, 16,807 kwa kipeo cha 6,487,866, yaani 2,147,483,646 ukiigawa kwa 331, inabaki 1? Haibaki. Sasa naingia kwenye 151.