Keki ya kanga: jeli imeanza kung'aa

Trei niliyochagua kwa keki hii iliyopambwa mfano wa kanga ni ya sentimita 30 kwa 22. Kanga huwa na karibu sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo ukigawa kwa tano unapata keki yenye umbo lilelile, na pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yanayoandikwa kwenye kanga) vinakaa mahali pake bila kubanana. Keki ni ya mama, na jina limeshapatikana: NANI KAMA MAMA.

Wiki hii nimeshughulika na jeli ya kujazia rangi kwenye mchoro tu. Mapishi mengi ya nyumbani yanataka jelatini, nami nimeiacha. Kwanza, walaji wa keki hii lazima wajue imetokana na mnyama gani, na paketi nyingine hazisemi. Pili, jelatini hulegea joto likikaribia nyuzi 35, na jikoni kwangu hapa Mombasa mwezi wa Machi tanuri likiwaka tunafika huko mapema sana.

Nimepika kwa wanga. Kornflawa vijiko viwili vikubwa, maji kikombe, sukari nusu kikombe, unakoroga kwenye moto mdogo mpaka itokote na weupe uondoke. Inasimama vizuri lakini inabaki na ukungu kidogo. Wanga wa muhogo ukaniletea kile nilichokuwa nakitafuta: jeli angavu kama kioo, nyekundu yake inawaka! Tatizo ni kwamba inavutika, ukiinua mfuko wa kupambia unaburuta uzi mrefu juu ya mchoro. Nusu kwa nusu ndiyo iliyonipendeza, mng'ao upo na ncha inakatika. Ndimu naitia baada ya kuepua, maana ukali wake ukichemka na wanga unaufanya uji mwepesi.

Korosho za kwenye mji nimezichora juu ya kipande cha majaribio. Mistari ni ya krimu ya siagi niliyoichanganya na mafuta meupe ya mgando ili istahimili joto. Nimeiacha mpaka ikafanya ngozi juu, ukigusa haishiki kidole, ndipo nikajaza jeli ndani ya kuta hizo, nikiisukuma pembeni kwa kijiti cha meno. Ukuta ukiwa na mwanya hata mdogo, nyekundu inatoka kwenda kwenye nyeupe na haifutiki. Friji situmii baada ya kujaza: keki ikitoka kwenye baridi hutokwa jasho, na jasho hilo hutembeza rangi.

Nyeusi ya pindo naianzia kwenye kakao. Krimu ikishakuwa kahawia iliyokolea, rangi nyeusi kidogo tu inatosha, na ladha haiharibiki.

Sasa ni herufi. Jina la kanga huandikwa kwa herufi zilizosimama, nene, zenye nafasi sawa, na mkono wangu bado unazipinda kwenye K na M. Nimezichapa kwenye karatasi, nimeilaza chini ya plastiki angavu, nami nafuatisha juu yake kwa pua nyembamba kila jioni.